Mashine Iliyohesabu Ngoma

Vijana wa biro, yaani ofisi, ya wafanyakazi, mmeniomba niandike kurasa chache kabla sijasahau, na mkubwa wenu amenipa daftari jipya kwa kazi hiyo. Hii ni wiki yangu ya tatu ya kustaafu. Kila siku naamka saa kumi na moja alfajiri, naoga, navaa, halafu nakumbuka. Wajukuu wananicheka. Basi nitaandika asubuhi, muda ule ambao zamani nilikuwa njiani. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Ya vyeo yanachosha, na ya mishahara ya wakati wa Zaire yanataka msomaji mwenye machozi ya akiba. Nitawasimulia juu ya mashine, kwa sababu siku zangu za mwisho kazini nilimwona mmoja wenu akiwaonyesha wenzake kwenye simu programu mpya itakayopima kazi ya kila mtu, na uso wake ulikuwa unang'aa. Uso wa namna ile nilishauona.

Niliingia kazini nikiwa na miaka kumi na tisa, katika karakana ya kampuni moja ya malori hapa Kindu. Kampuni ilikufa zamani na jina lake halina faida kwa mtu. Malori yetu yalileta mpunga na mawese kutoka Pangi, Kibombo na vijiji vya huko, yakarudi na chumvi, sabuni na vitambaa. Barabara ilivunja malori, sisi tukayatengeneza, barabara ikayavunja tena. Kwa namna hiyo kila mmoja alikuwa na kazi.

Mimi niliwekwa kwenye biro ya pointage, yaani pale panapoandikwa nani amefika na anafanya nini. Ilikuwa chumba kimoja karibu na lango. Ukutani palikuwa na ubao wenye misumari hamsini na mmoja, na kwenye kila msumari kipande cha bati chenye namba. Mfanyakazi akiingia anachukua bati lake, akitoka analirudisha. Mkubwa wa biro alikuwa Papa Kalombo, mtu wa Kasai, ambaye baba yake alikuja Kindu na kazi ya reli na hakurudi tena kwao. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye nyonga mbovu, na aliandika kwa penseli ya zambarau ambayo aliilamba kila mara. Kufikia saa sita mchana midomo yake ilikuwa na rangi ya joho la askofu.

Siku ya kwanza niliangalia ubao, nikaona misumari yote iko mitupu, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya masista kwamba wote wamefika. Papa Kalombo akasoma. Akaniuliza kama nimewaona. Nikamwambia nimeona mabati hayapo. Alichukua daftari, akatangulia, nami nikamfuata karakana nzima, kutoka shimo la magari mpaka kwa wachomeleaji. Watatu hawakuwepo. Walikuwa bado ng'ambo ya mto, Alunguli, wakingoja mtumbwi, na marafiki walikuwa wamewachukulia mabati yao. Walipofika akaandika saa waliyofika, bila kelele na bila adhabu. Tuliporudi biro akaniambia:

"Andika kile macho yako iliona. Kile unafikiri, peleka nyumbani."

Tangu siku ile nilizunguka karakana mara mbili kila siku kabla ya kushika kalamu. Viatu vyangu vyote vya miaka ile viliisha upande wa kisigino.

Kazi ilianza saa moja na nusu, kwa karatasi. Kwa kweli ilianza kwa ngoma. Ninyi hamkuona mambo hayo, kwa hiyo naeleza: chama kilikuwa kimoja tu, na kila mtu alizaliwa ndani yake, hata mtoto mchanga. Asubuhi tulipandisha bendera, halafu tukaimba na kucheza uani kwa sifa ya Chama na ya Kiongozi. Waliiita animation. Wanawake tulivaa vitenge vyenye uso wa Kiongozi, na uso ule ulikaa mahali popote ambapo mshonaji aliona kitambaa kinatosha. Kulikuwa na mama mmoja wa jikoni ambaye kila akikaa alimkalia mkuu wa nchi, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Kila mmoja alicheza: mafundi, madereva, mlinzi. Papa Kalombo na nyonga yake alicheza kwa bega moja. Katibu wa Chama pale kazini, ambaye sikumbuki kama alikuwa na kazi nyingine, alisimama mbele na filimbi. Kama kuna mgeni, ngoma ilirefuka. Kama mgeni ni mkubwa, tulikwenda kumchezea uwanja wa ndege, na karakana ilifungwa siku nzima. Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya bure ya kufyeka majani ya serikali. Malori yalitungoja. Yalikuwa na subira kuliko wenye mpunga.

Nimtaje sasa Papa Asumani, maana habari hii ni yake pia. Alikuwa Mwislamu wa upande wa Kibombo, mfupi, ndevu chache, na alitengeneza pampu za mazutu, yaani dizeli. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye pampu, mpini wake sikioni, na kufumba macho. Anaweza kukaa hivyo muda mrefu, lori linanguruma, watu wanapita. Halafu anafungua skrubu moja, anaizungusha kidogo sana, anaifunga. Lori linakwenda Pangi na kurudi. Muda uliobaki alikuwa akizunguka kwa wenzake, anatazama mikono yao, anasema neno moja hapa na jingine pale. Madereva wengi walikataa kusafiri kama hajasikiliza pampu yao.

Nilikuwa nimeshapitisha miaka kumi kazini mashine ilipokuja. Ilifika kwa ndege ndani ya masanduku matatu, na Direkta wetu mwenyewe alikwenda kuipokea uwanjani. Ninyi mnasema kompyuta. Sisi tulisema ordinatere, na tulilitaja jina hilo kwa sauti ya kanisani. Pamoja nayo alishuka Citoyen, yaani Mwananchi, Ekanga kutoka Kinshasa, kijana mwenye abakosti, ile suti isiyo na tai, ya rangi ya maziwa, aliyekuwa amesoma Ulaya miezi tisa, muda wa mimba moja. Alikusanya watu wote uani, akasema kwamba tangu siku hiyo hakuna kukisia tena. Mashine itajua nani anafanya kazi na nani anakaa bure, na kila wiki itatoa hesabu ya rendement, yaani kazi inayotoka mikononi mwa kila mtu kwa saa.

Papa Asumani aliomba neno. Akauliza mashine itayajua hayo kwa nani. Ekanga akajibu, kwa kadi. Papa Asumani akauliza kadi zitajazwa na nani. Ekanga akajibu, na ninyi wenyewe. Papa Asumani akashukuru sana, akarudi kukaa.

Mashine ilipewa chumba chake, na chumba kilipewa mashine ya baridi, ya pekee katika nyumba nzima. Jenereta moja kati ya mbili ilitengwa kwa ajili yao. Wachomeleaji waligawana ile ya pili na taa za Direkta. Mimi nilichaguliwa kuingiza namba, kwa sababu nilijua kupiga taipu kwa vidole kumi bila kutazama. Sitawadanganya: nilifurahi. Nilikuwa mwanamke pekee mwenye ufunguo wa chumba kile. Nilinunua sweta, hapa Kindu, na nililivaa kwa fahari nikipita mbele ya watu wanaotiririka jasho. Watu wengi walianza kuwa na shida za kuja kuniuliza, na shida zao zilichukua muda mpaka jasho likauke.

Kadi zilikuwa hivi. Kila kazi ilikuwa na namba, kutoka moja mpaka arobaini: kubadili gurudumu, kukaza nati, kuchomelea chesisi, kupaka rangi. Kila namba ilikuwa na muda wake uliopimwa tayari, sijui wapi, lakini palikuwa mahali penye lami na vipuri. Muda usiokuwa na namba uliandikwa zero-zero, maana yake kukaa bure. Pembeni ya zero-zero palikuwa na nafasi ndogo ya kuandika sababu. Ekanga alijivunia sana nafasi ile. Alinieleza kwamba mwisho wa mwezi programu itakusanya sababu zote, itazijumlisha na kuzipanga kuanzia kubwa, ili Direkta amjue adui wa kazi ni nani.

Orodha ya kwanza ilitundikwa langoni siku ya Ijumaa, kwenye karatasi ndefu yenye matundu pembeni. Wa kwanza alikuwa Shabani wa magurudumu. Kwa wiki moja alikuwa amebadili magurudumu ya malori mengi kuliko yale tuliyokuwa nayo. Wa hamsini na moja alikuwa Papa Asumani. Kusikiliza hakukuwa na namba. Kumfundisha mwenzako hakukuwa na namba. Ile skrubu moja ya pampu ilikuwa na namba, na muda wake ulikuwa mfupi sana. Vingine vyote vilianguka kwenye zero-zero. Watu waliisoma orodha, kisha mmoja akacheka, na Papa Asumani naye akacheka.

Wiki zilizofuata hakuna aliyecheka, kwa sababu wote walikuwa na shughuli. Watu walikuwa wamemwelewa Shabani. Nilipozunguka karakana nilimwona fundi akikaza nati za gurudumu, akizilegeza, akizikaza tena, na kila mara anaandika. Nilimwona mwingine akipaka rangi bodi ya lori lisilo na injini. Siku moja nikaingiza kadi ya mtu aliyefanya kazi saa ishirini na sita kwa siku moja, na mashine ikaipokea bila kigugumizi, maana Ekanga hakuwa ameiambia kwamba siku huwa inaisha. Nilimwonyesha. Alisema, kwa Kifaransa chake, kwamba makosa madogo humezwa na wingi. Malori yasiyotembea yalijaa ua mpaka tukakosa pa kuchezea. Rendement ilipanda kila Ijumaa. Direkta aliipeleka Kinshasa kwa redio, herufi kwa herufi, na Kinshasa ikampongeza.

Nilipomwambia Papa Kalombo, aliniambia nihesabu malori yanayotoka langoni, kila siku, kwenye daftari la zamani, kwa penseli. Nikahesabu. Yalikuwa yanapungua. Akalipeleka daftari kwa Direkta. Alirudi upesi. Direkta alikuwa amemwambia kwamba penseli ina ndugu na kabila, lakini mashine haina.

Kisha ikaja amri. Watu kumi wa mwisho kwenye orodha ya miezi mitatu wangeondolewa kazini mwezi wa tatu ukiisha. Jina la Papa Asumani lilikuwa la kwanza kati ya hao, au la mwisho, kutegemea umeshika karatasi namna gani. Alikuwa na watoto saba na alikuwa amebakiza miaka michache tu ya kazi. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiingiza namba zake, nimevaa sweta langu.

Jumapili nilikwenda kwake Mikelenge. Nilimkuta kwenye shamba lake la mihogo nyuma ya nyumba, anapalilia. Nikamwambia ninachoweza kufanya: kila siku nimwandikie nati mia moja kama wengine, hakuna atakayejua. Aliegemea jembe, akanisikiliza kama anavyosikiliza pampu, mpaka nikaona haya.

"Hapana, mama," akasema. "Ukiniandikia nati, mimi sitakuwa Asumani tena, nitakuwa Shabani wa pili. Andika ile niko nafanya. Nafika saa moja. Nacheza mpaka saa mbili na nusu. Halafu nasikiliza pampu. Andika yote, na ile ya kucheza pia."

Akarudi kupalilia. Mke wake alinifungia mihogo kwenye jani nipeleke nyumbani.

Nilikuwa sijawahi kufikiri juu ya hilo. Kwenye kadi zote, siku ya kila mtu ilianza saa moja na nusu na namba ya kazi, kana kwamba mtu anacheza huku ameshika spana. Jumatatu nilimweleza Papa Kalombo. Akalamba penseli, akatazama uani. Halafu akasema basi tuandike yote, ya watu wote, lakini kwanza nimuulize Ekanga kwa karatasi. Nikaandika kwa Kifaransa safi: muda wa asubuhi kabla ya kazi, ambao hauna namba, tuuandike wapi? Ekanga alikuwa ameingiza kichwa nyuma ya mashine. Alisema ameshachoka na maswali yangu, kisicho na namba ni zero-zero, akaandika hivyo na kutia sahihi bila kuinua macho. Papa Kalombo akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwake.

Kwenye nafasi ya sababu alinielekeza niandike "mkutano wa asubuhi". Nakumbuka vizuri maneno yake. Alikuwa mtu mzima na alijua tunaishi wapi. Mimi nilirudi kwenye chumba cha baridi, nikafungua kadi ya kwanza, na hasira ya miezi miwili ikanipanda vidoleni. Hapakuwa na mkutano. Hakuna mtu aliyeketi, hakuna aliyejadili kitu. Nikaandika: KUCHEZA KWA SIFA YA CHAMA. Kwa siku ya mgeni nikaandika: KUCHEZA UWANJA WA NDEGE. Kwa salongo: KUFYEKA. Nikaingiza hivyo kwa watu hamsini na mmoja, kila siku, mwezi mzima. Nilijisikia jasiri sana. Nilikuwa peke yangu, na mlango umefungwa kwa ufunguo.

Mwisho wa mwezi printa ilipiga kelele asubuhi nzima. Programu ilifanya kama ilivyofundishwa. Ilikusanya, ikajumlisha, ikapanga. Juu kabisa ya ripoti, kwa herufi kubwa, ilisema sababu kuu ya muda uliopotea katika karakana ni kucheza kwa sifa ya Chama. Ya pili ilikuwa kucheza uwanja wa ndege. Kukosa vipuri ilikuja baadaye sana. Ekanga hakuisoma. Alikuwa mtu wa kuangalia kama mistari imenyooka. Alitia sahihi nakala tano: moja kwa Direkta, moja kwa Kinshasa, moja ya kumbukumbu, moja kwa ofisi ya mkuu wa jimbo, na ya tano akaitundika mwenyewe langoni.

Fundi wa kwanza aliyeisoma alivua kofia. Ndani ya muda mfupi hakukuwa na mtu karibu na lango. Kila mmoja alikuwa ameisoma na kila mmoja alitaka ionekane hajaisoma. Mlinzi aligeuza kiti chake kutazama upande wa barabara. Katibu wa Chama alikuja akiwa na filimbi yake shingoni, akasoma, akasoma tena kwa kidole. Sikuwahi kuona karakana ikiwa na kazi ya kweli kama asubuhi ile. Hata Shabani alikuwa chini ya lori.

Walituita ofisini kwa Direkta saa tano. Kulikuwa na Direkta, Katibu, Ekanga, na watu wawili wa usalama waliovaa miwani myeusi ndani ya nyumba. Mimi na Papa Kalombo tulisimama. Katibu aliuliza kama Chama ni kukaa bure. Akamuuliza Ekanga, na Ekanga akasema kwa sauti ndogo kwamba mashine haiwezi kusema maneno yenyewe, inasema yaliyoingizwa. Miezi mitatu tulikuwa tumeambiwa kinyume chake.

Papa Kalombo akatoa ile karatasi mfukoni, akaiweka mezani. Direkta aliisoma, akaona sahihi ya Ekanga, akainua macho. Nilimwona akihesabu. Kama mashine inasema kweli, basi Chama kinapoteza muda wa nchi. Kama mashine inasema uongo, basi yeye amekuwa akituma uongo Kinshasa kila Ijumaa. Alipangusa uso kwa leso, ingawa na yeye siku ile alikuwa na feni.

"Mashine ni mgonjwa," akasema Direkta.

Kila mtu aliona ni jambo la maana sana. Ekanga alikubali haraka kwamba mashine ni mgonjwa, labda kwa sababu ya vumbi, labda umeme. Ikaandikwa palepale kwamba hesabu zake zote, tangu ilipofika, hazina nguvu, pamoja na ile orodha ya watu kumi. Ndivyo Papa Asumani alivyobaki kazini. Mashine ilikuwa imepata malaria, na wale watu kumi wakapona.

Lakini mmoja wa wale wa miwani hakuwa amesema kitu bado. Alikuwa ameishika ripoti. Akasema namba zinaweza kuugua, sawa, lakini maneno haya, "kucheza kwa sifa ya Chama", yana mkono wa mtu. Akauliza ni mkono wa nani. Akanitazama mimi, kwa sababu vidole vyangu vilijulikana.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Papa Kalombo alitangulia.

"Mimi njo mukubwa wa biro," akasema. "Huyu mutoto anaandika kile ninamwambia. Maneno ile ni yangu."

Yule mtu akaniuliza kama ni hivyo. Nilitazama sakafu. Ilikuwa ya saruji, yenye ufa uliokwenda mpaka mguu wa meza. Nikasema ndiyo.

Kwa miaka kumi na zaidi sikuwahi kumwona Papa Kalombo akiandika saa ambayo hakuiona mwenyewe, hata kwa rafiki, hata kwa ndugu yake mwenyewe aliyefika amechelewa. Siku ile alisema uongo mmoja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja saa. Wakamchukua. Alikaa mikononi mwao siku tatu. Aliporudi alikuwa anatembea vibaya zaidi, na hakutaka kuulizwa. Wiki iliyofuata alipewa barua ya kuhamishiwa Obokote, mbali msituni, ambako kampuni ilikuwa na bohari ya mbao, akahesabu magogo. Aliondoka na mke wake juu ya mzigo wa chumvi. Mimi nilikuwa langoni. Papa Asumani alikuwa amelisikiliza lori lile jana yake kutwa nzima. Papa Kalombo alinipa daftari la zamani, akasema nisiache kuzunguka.

Kiti chake nilipewa mimi. Nilisema vyeo sitavigusa, na hii ndiyo sababu.

Ekanga alirudi Kinshasa, na baada ya miezi kadhaa akaja na disketi mpya. Mashine ilikuwa imepona. Safari hii kadi zilikuwa na namba arobaini na moja. Hiyo ya mwisho iliitwa "shughuli za kiraia", na saa moja yake ilihesabiwa kama saa moja na nusu ya kazi. Mwezi ule alikuja mgeni mkubwa sana. Tulicheza uwanja wa ndege siku mbili, na siku ya tatu tulicheza kwa sababu hakuja. Hakuna lori hata moja lililotoka langoni. Ripoti ilionyesha rendement ambayo karakana haikuwahi kuifikia, na Direkta alipewa nishani. Alituonyesha. Ilikuwa nzito kweli.

Miaka miwili ilipita kabla sijapata sababu ya kwenda Obokote. Nilijitungia safari ya ukaguzi wa magogo. Ni siku nne za njia kama mvua haikunyesha, na ilinyesha. Nilimkuta Papa Kalombo ameketi mbele ya bohari kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe, amekonda, penseli sikioni. Magogo yalikuwa yamepangwa kwa safu, kila moja na namba ya chokaa, na alinitembeza safu zote kabla ya kunikaribisha. Nyonga ilikuwa mbaya sana. Nilimsimulia habari za namba arobaini na moja na nishani ya Direkta. Alicheka mpaka akakohoa, na mke wake akatoka jikoni kuuliza ni nini. Nikalazimika kusimulia upya, na wakacheka wote wawili.

Kisha mke wake akarudi jikoni, na nikasema lile nililosafiri nalo siku zile zote. Nilimwambia kwamba maneno yalikuwa yangu, kwamba yeye aliniambia "mkutano wa asubuhi" nami sikumsikiliza, na kwamba pale ofisini ilinipasa kusema. Nilimwambia kila asubuhi nikikaa kwenye kiti chake nakumbuka ule ufa wa sakafuni. Nililia kidogo. Hakunikatiza. Alingoja nimalize, kama alivyokuwa akingoja mtu amalize kutia sahihi.

"Ungesema, wangekuwa na watu wawili," akasema. "Mimi nilifanya hesabu tu."

Halafu akaniuliza kama nimekula.